Gego la mwisho limelala, kila mara linanivimbisha taya na mimi ni MC wa harusi. Mliotolewa kwa operesheni njooni mnipe muongozo

Mzee wa Kipaza (mleta mada)

Habari za jioni wakuu. Niende moja kwa moja. Nina miaka 27, gego la mwisho chini kulia lilianza kuchomoza tangu nipo chuo, likatoka nusu likagoma, hiyo nusu nyingine imefunikwa na fizi. Kila baada ya muda ile nyama ya juu inavimba, shavu linajaa, nikimeza mate nasikia mpaka sikioni na mdomo haufunguki, kijiko chenyewe kinaingia kwa ubavu. Nikienda duka la dawa napewa metro na amoksilini, siku chache kimya, halafu mchezo unaanza upya.

Safari hii nikasema liwalo na liwe, nikaenda kwa daktari wa meno. Akanipiga ile eksirei kubwa inayozunguka kichwa, akanionyesha kwenye kompyuta, jino limelala kabisa limeegemea mwenzake wa mbele kama mlevi aliyesinzia begani kwa abiria kwenye daladala. Akasema hili sio la kung'oa kwa koleo tu, inabidi achane fizi, asage mfupa kidogo, alikate jino vipande, atoe kimoja kimoja halafu ashone. Na akaniambia kuna mshipa wa fahamu unapita chini karibu na mizizi kwa hiyo kuna uwezekano mdogo wa mdomo wa chini na kidevu kubaki na ganzi kwa muda. Hapo ndo nikaomba nikajifikirie kwanza.

Sasa wakuu mimi kula yangu ni mdomo. Harusi, sendofu, kipaimara, kila wikiendi nina maiki mkononi kuanzia saa moja jioni mpaka watu wanabeba viti. Nauliza inauma kiasi gani kiukweli (msinifiche), baada ya muda gani naweza kusimama mbele za watu bila shavu kama andazi, na hiyo habari ya ganzi kubaki imeshamtokea mtu humu? Bi mkubwa nyumbani naye kashasema jino likichokonolewa hivyo macho yanaharibika, na jamaa yangu mmoja ananiambia nitoe yote manne siku moja niwe nimemaliza. Nimechanganyikiwa. Karibuni.

Supu ya Pweza

Naweka kigoda hapa maana na mimi ninalo kama hilo upande wa kushoto. Ila mkuu usiwaze sana, ukivimba chukua kazi za misiba kwanza, kule hakuna atakayeshangaa uso wa MC umevimba 😂

Mwalimu wa Moro

Pole sana kaka. Mimi nililitoa la kwangu la chini, lilikuwa limelala hivyo hivyo, kwa hiyo ngoja nikusimulie ilivyo maana wakati wangu hakuna aliyenisimulia.

Sindano ya ganzi ndo kitu pekee kilichouma siku ile, na yenyewe ni ile ya kwanza tu kule nyuma kabisa, nyingine unazisikia kwa mbali. Baada ya dakika chache nusu ya ulimi imekufa, mdomo umekufa, ukijigusa kidevu unahisi unagusa kidevu cha mtu mwingine. Daktari akanichoma choma na kichuma akaniuliza unasikia maumivu au unasikia tu nakugusa, nikasema nakusikia unagusa, akaendelea. Kinachotisha ni makelele. Ile mashine inavyosaga unaisikia ndani ya fuvu, na wakati anakandamiza kulilegeza jino kichwa chote kinasukumwa, nesi akawa amenishika taya kwa chini. Halafu likalia KAA! nikajua taya limevunjika, kumbe kakata jino katikati. Maumivu hakuna, ila moyo ulikwenda mbio kweli kweli.

Akashona, akaniwekea pamba nikaing'ata, nikaambiwa niikandamize kama saa moja bila kuifungua fungua kuangalia. Ganzi ilikaa mpaka jioni na hapo ndo pa kuwa makini, usile kitu wakati mdomo hauna hisia, unaweza ukajing'ata ulimi au shavu ukala nyama yako mwenyewe bila kujua. Na dawa ya maumivu uinywe KABLA ganzi haijaisha, usisubiri mpaka uanze kupiga kelele ndo utafute maji.

Usiku nililalia mito miwili na taulo la zamani juu yake kwa sababu mate yenye damu yanachuruzika, asubuhi unakuta taulo lina rangi ya pinki, usishtuke, tone la damu likichanganyika na mate linaonekana damu nyingi. Barafu nilikuwa nafunga kwenye kipande cha kanga, nakandamiza shavuni kama robo saa naondoa, napumzika narudia, siku ile na kesho yake. Ukiweka barafu tupu kwenye ngozi utajiunguza.

Kuhusu kula, mtori ulioponda vizuri na uupooze, uji wa ulezi wa vuguvugu, mtindi, parachichi, viazi vya kuponda, mayai laini ukianza kuweza. Wali kaa nao mbali kwa muda, punje zinaingia kwenye shimo zinakaa humo. Pilipili ndo usithubutu. Na uji kunywa kwa kijiko au kikombe, mrija hapana, wataalamu watakuja kukueleza kwa nini.

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili aliniona nimerudi darasani akaniuliza madamu umepigwa na nani. Ndo uvimbe wenyewe huo kaka, jiandae.

Mtoto wa Wete

Ndugu yangu achana na mambo ya kukatwakatwa, sisi huku Pemba jino likisumbua ni karafuu tu. Unachukua tone la mafuta ya karafuu kwenye pamba unaweka pale panapouma, baada ya muda mfupi unasahau kama una jino. Wazee wetu wamekufa na meno yao. Na hilo la macho bi mkubwa hajakosea sana, mimi jirani yetu alitoa jino la juu na mwaka ule ule akaanza kuvaa miwani.

Supu ya Pweza

@Mtoto wa Wete huyo jirani alikuwa na miaka mingapi? isije ikawa na miaka 45 ambayo kila mtu anaanza kusoma meseji kwa kunyoosha mkono

Mtoto wa Wete

Hamsini na kidogo 😅 lakini bado

Tabibu Kinywa

Nimeona nimeitwa kwa mlango wa nyuma. Mimi ni daktari wa meno, nipo hospitali ya serikali kanda ya ziwa, sitaki kumtibu mtu mtandaoni lakini haya ya jumla naweza kusema.

Mleta mada, hicho unachougua kila mara ni maambukizi ya ile nyama iliyofunika nusu ya jino. Chakula na vijidudu vinaingia chini yake, mswaki haufiki, panaoza, panavimba, na ule uvimbe ukisogea kwenye misuli ya kutafuna mdomo unagoma kufunguka. Mara nyingine jino la juu nalo linakuwa linaing'ata hiyo nyama kila ukifunga mdomo, na kuna watu tunawatoa hilo la juu kwanza wakapata nafuu kubwa. Antibayotiki za duka la dawa zinapunguza moto ila mfuko wenyewe unabaki pale pale, ndo maana linarudi. Na hapa niseme kwa ukali kidogo, kumeza metro kila likivimba bila kuonwa na mtu ni kuwafundisha vijidudu ubishi, siku utakayozihitaji kweli hazitafanya kazi. Kama hakuna homa na uvimbe hausambai, mara nyingi kusafisha chini ya ile nyama na maji ya chumvi kunatosha kutuliza mpaka siku ya kulitoa.

Kuhusu mshipa wa fahamu. Ndani ya mfupa wa taya la chini kuna mfereji, mshipa unapita humo unakwenda kutokea karibu na kidevu, ndo unaobeba hisia za meno ya chini, mdomo wa chini na kidevu. Kuna mwingine wa ulimi unapita upande wa ndani. Mizizi ya gego la mwisho ikiwa karibu na huo mfereji, wakati wa kutoa mshipa unaweza kubanwa au kuvutwa. Ni hisia zinazopotea, SIO mwendo, kwa hiyo mdomo hautapinda na maneno utayatoa, utahisi tu kama ganzi haijaisha. Walio wengi wanaopata hiyo hali inaisha yenyewe ndani ya wiki au miezi, wachache sana inabaki. Muulize daktari wako swali moja tu, kwenye eksirei mizizi imeugusa mfereji au iko mbali nao? Kama imegusana anaweza kukuomba picha ya kina zaidi, na kuna njia ya kukata kichwa cha jino tu na kuiacha mizizi mahali pake ili mshipa usiguswe. Sio kila jino linafaa kwa hiyo njia lakini ipo.

Macho: mshipa wa fahamu wa uso una matawi matatu, moja la paji na jicho, moja la taya la juu, moja la taya la chini, ndo maana jino likiuma unaweza kuhisi mpaka jicho linavuta. Ila kuona kwenyewe kunafanywa na mshipa mwingine kabisa usiohusiana na meno. Mwambie bi mkubwa kwa heshima zote.

Karafuu sasa. Mtoto wa Wete hajakosea kwamba inatuliza, mafuta yake yana yujeno ambayo hata sisi tunaitumia kwenye dawa za meno. Lakini inatuliza tu, haiwezi kulinyanyua jino lililolala. Na mafuta yenyewe ni makali, ukimwaga kwenye fizi yanaunguza, sawa na wale wanaoweka kidonge cha asprini pembeni ya jino wanakuja na fizi nyeupe imeungua.

Ratiba yako ya MC: uvimbe unapanda, kilele chake ni kama siku ya pili mpaka ya tatu, halafu unashuka, kwa wengi wiki ikiisha uso umerudi. Taya linaweza kubaki gumu muda mrefu kidogo kuliko uvimbe. Kwa hiyo usifanye Jumatatu ukategemea Jumamosi upo ukumbini, ukishindwa utamuangusha bibi harusi. Acha wikiendi moja wazi kabisa na ya pili uwe na mwenzako wa akiba. Na usitolewe wakati limevimba na mdomo haufunguki, litulizwe kwanza, na kama una kisukari, presha, ugonjwa wa kuvuja damu au unatumia dawa za kuyeyusha damu sema mapema.

Mkazi wa Leicester

Asante daktari. Mimi niongeze la huku Uingereza maana naona kuna mtu anamwambia mleta mada atoe yote manne. Huku kuna taasisi inayotoa miongozo ya matibabu inaitwa NICE, tangu mwaka 2000 walisema magego ya mwisho yasiyo na ugonjwa yasitolewe kwa kuogopa ya kesho, yatolewe yenye shida. Mimi nina mawili yamelala chini huko, daktari kila akiniona anayaangalia anasema yako salama, tunaachana nayo. Kila operesheni ina hatari yake, kwa nini uichukue bure?

Kaka wa Dallas

Mkazi wa Leicester na mimi nikupinge kidogo. Huku Marekani ni kawaida kuyatoa mapema, kijana yuko sekondari mizizi haijakomaa na mfupa bado laini, anapona haraka. Mdogo wangu alilazwa usingizi akatolewa yote manne siku moja, likizo ya shule, akashinda anakula aiskrimu wiki nzima akaisha mambo yake. Ukisubiri ufike miaka 40 ndo lianze kukusumbua mfupa umeshakuwa chuma. Halafu hata huko kwenu nasikia wengi wanaishia kutolewa wakiwa wakubwa zaidi na meno ya mbele yake yameshaoza.

Mkazi wa Leicester

Hilo la jino la mbele kuoza ni kweli, sibishi, ndo maana nimesema yaangaliwe. Ila huko kwenu bima inalipa na daktari analipwa kwa kila jino, sisi wengine tunaona mengi.

Kaka wa Dallas

Haya bwana 😀 bima inalipa? ungeona kiasi tulichochangia wenyewe.

Tabibu Kinywa

Wote mna hoja na madaktari wenyewe bado wanabishana. Kwa mleta mada ugomvi huo haumhusu, lake lina ugonjwa, la chini kulia litoke. Hayo mengine matatu yaangaliwe kwenye hiyo hiyo eksirei aliyokwisha lipia. Na kwa ganzi ya kawaida mimi sipendi kutoa pande zote mbili siku moja, mtu atatafunia wapi? Bora upande mmoja upone.

Gharama pia ulizeni kabla. Kung'oa kwa kawaida na kutoa kwa operesheni ni bei mbili tofauti kabisa, na kama una bima uliza kama hiyo operesheni imo kwenye kifurushi chako au unahitaji kibali kwanza, watu wanafika kwenye kiti ndo wanaanza kupiga simu.

Dada wa Nyegezi

Mbona hakuna aliyemwambia kuhusu shimo kukauka? Mimi yalinikuta. Nilitolewa la chini vizuri tu, siku mbili za kwanza naendelea vizuri hata nikawa nacheka, halafu ile siku ya tatu kuelekea ya nne likaanza kugonga, yaani dum dum dum, kutoka tayani linapanda sikioni linazunguka mpaka kwenye utosi, na mdomo una ladha mbaya na harufu ambayo mswaki hauondoi. Dawa za maumivu nameza kama karanga hazifanyi kitu. Na sivuti sigara, mrija sikutumia, kila nilichoambiwa nilifuata.

Nikarudi kliniki, daktari akamulika akasema shimo tupu, donge la damu limetoka mfupa uko wazi. Akaliosha kwa maji ya dawa, akapakia kitu cha kahawia kama uzi uzi kinanuka karafuu tupu (Mtoto wa Wete furahi), wallahi kabla sijafika kituo cha daladala maumivu yameshuka nikataka kulia kwa furaha. Nikarudi kubadilishiwa tena na tena mpaka pakatulia. Kwa hiyo kaka, maumivu yakipungua halafu yakarudi kwa kasi usijikaze kiume, rudi.

Mtoto wa Wete

Nilisema mimi!! Karafuu!!

Tabibu Kinywa

Nimecheka. Ni kweli ile dawa ina yujeno ndani yake, ila inawekwa na mtu aliyeosha shimo kwanza. USICHUKUE punje za karafuu ukazishindilia kwenye kidonda nyumbani, utaziba uchafu ndani.

Dada pole, na sio kosa lako. Jino likitoka shimo linajaa damu, ile damu inaganda inakuwa donge, hilo donge ndo kifuniko cha mfupa na ndo msingi ambao nyama mpya inaota juu yake. Likitoka au likiyeyuka mapema mfupa unabaki wazi, hewa na chakula vinaugusa, ndo hayo maumivu. Inatokea zaidi kwenye magego ya chini, kwa wavutaji, kwa walioumia sana wakati wa kutoa, waliokuwa na maambukizi pale kabla, na kwa akina dada wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango uwezekano unaongezeka. Wengine bila sababu yoyote inayoonekana.

Sasa mnaelewa katazo la mrija. Ukifyonza unavuta hewa mdomoni na donge linavutika. Kutema mate kwa nguvu ni hivyo hivyo, acha yadondoke yenyewe kwenye sinki. Masaa 24 ya kwanza usisukutue kabisa. Baada ya hapo nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, unajaza mdomo unainamisha kichwa huku na huku taratibu, unaachia yamwagike, hasa baada ya kula. Mswaki piga meno mengine kama kawaida, ukifika pale zunguka. Sigara na shisha acha, na mimi huwa nawaambia kama ulikuwa unatafuta sababu ya kuacha basi ndo hii. Pombe nayo pembeni, hasa kama umepewa metro.

Maumivu, brufeni miligramu 400 na parasetamo miligramu 1000 kwa pamoja baada ya kula mara tatu kwa siku inawafaa wengi kuliko vidonge vikali vya majina makubwa. Mwenye vidonda vya tumbo, figo, au pumu inayoamshwa na dawa hizo asiguse brufeni mpaka aongee na daktari wake. Parasetamo isizidi gramu 4 kwa siku, angalieni maana ipo ndani ya dawa nyingi za mafua.

Na kuna dalili za kukimbia hospitali usiku huo huo bila kusubiri kliniki kufunguliwa: uvimbe unashuka chini ya kidevu au shingoni, kumeza mate inakuwa kazi, sauti inabadilika, unashindwa kuhema ukilala, homa kali, au damu mbichi inayojaa mdomoni hata baada ya kung'ata pamba safi nusu saa bila kuiachia. Uvimbe wa shingoni unaweza kuziba njia ya hewa, hapo hakuna cha maji ya chumvi.

Mzee wa Kipaza (mleta mada)

Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya. LIMETOKA. Nilimuuliza daktari lile swali la mfereji, akanionyesha mzizi mmoja uko karibu ila haujagusana, nikamwambia twende kazi. Harusi ya wikiendi ile nimemuachia MC mwenzangu na kafanya vizuri mpaka nimeanza kuwa na wivu.

Mwalimu wa Moro kila ulichosema kimetokea mpaka ile KAA. Mimi nilishika mikono ya kile kiti nikasikia viganja vinalowa. Daktari katulia anamwambia nesi mambo ya foleni ya Ubungo huku mimi mdomo wazi, nikajua basi hali sio mbaya. Kanionyesha vipande kwenye kisahani, vitatu, kimoja kina mzizi umepinda kama ndoano, na damu haikuwa nyingi kama nilivyodhani.

Uvimbe ulipanda kweli, siku ile ya tatu bodaboda wangu wa kila siku kanipita hajanitambua. Halafu ngozi ya shavu kwa chini ikawa na rangi ya njano njano inashuka kuelekea shingoni, hiyo hakuna aliyeniambia. Sasa hivi umeshuka, ninachopima ni vidole, nilikuwa naingiza kimoja mdomoni kwa tabu, leo viwili vimeingia.

Daktari naomba uniangalizie haya. Kwenye shimo naona kitu cheupe cheupe kinaelekea njano, ni usaha? Kona ya mdomo upande ule inatekenya kama sisimizi wanapita. Na uzi mmoja umelegea unaning'inia unanikera, naweza kuukata na mkasi wa kucha?

Tabibu Kinywa

Hongera. Mkasi wa kucha weka chini. Kama ni nyuzi za kuyeyuka zitadondoka zenyewe, wengi wiki moja mpaka mbili, kama sio za kuyeyuka umepewa tarehe ya kurudi kuzitoa, angalia kadi yako.

Huo weupe, kama maumivu yanapungua kila siku na hakuna harufu mbaya, ni utando wa kidonda kinachopona, mdomoni kidonda hakifanyi gaga kavu kama mguuni, kinalowa kinakuwa cheupe. Usiukwangue na mswaki wala kijiti. Usaha ungekuja na maumivu yanayopanda, uvimbe mpya, homa. Rangi ya njano shavuni ni damu iliyovilia inashuka chini, itapotea. Kutekenya mara nyingi ni dalili njema, hisia zinarudi, ila mtajie daktari wako ukirudi aandike kwenye faili.

Vidole vitatu vikisimama wima vinaingia ndo mdomo umerudi sawa. Anza kutumia joto sasa sio barafu, kitambaa cha maji ya moto ya kuvumilika, na ufanye zoezi la kufungua na kufunga taratibu. Chakula kitaendelea kuingia kwenye shimo, fizi inajifunga ndani ya wiki kadhaa na mfupa chini yake unachukua miezi kujaa. Kliniki wanaweza kukupa bomba la plastiki lisilo na sindano la kurushia maji ya chumvi humo, waulize lini uanze. Na ukisikia baadaye kitu chenye ncha kinachomoza kwenye fizi usiseme wameacha jino, mara nyingi ni kipande kidogo cha mfupa kinatoka, nenda wakitoe.

Supu ya Pweza

Daah mimi nimesoma uzi wote na sasa lile la kwangu limeanza kuuma kwa mawazo tu. Nikate miadi wiki ijayo au nivute mpaka mshahara?

Mwalimu wa Moro

Kata miadi ya kuangaliwa na eksirei kwanza, mshahara utakukuta unajua unalipia nini.

Mama K wa Kigamboni

Samahani naingilia, mimi nina tatizo kama la mleta mada ila nina ujauzito wa miezi mitano, fizi imevimba juu ya gego na mawifi wananiambia mjamzito haruhusiwi kuguswa jino mpaka ajifungue. Nivumilie miezi minne yote?

Tabibu Kinywa

Hapana mama, usivumilie maambukizi miezi minne. Mjamzito anatibiwa meno, na hii miezi ya katikati uliyopo ndo tunayoipendelea zaidi, tumbo halijawa kubwa la kukuzuia kulala kwenye kiti. Sindano ya ganzi ya kawaida inatumika kwa wajawazito. Kinachoweza kufanyika ni kusafisha pale na kutuliza, na operesheni ikionekana inaweza kusubiri itasubiri, ila uamuzi huo aufanye aliyekuona sio mawifi. Mwambie una mimba ya miezi mingapi kabla hata ya eksirei ili akukinge, beba kadi yako ya kliniki. Maumivu tumia parasetamo, brufeni na diklofenaki achana nazo kabisa kwa umri huo wa mimba. Nenda kesho.

Mama K wa Kigamboni

Asante sana daktari, kesho asubuhi nipo foleni.